Mpini wa Zoila

Kwa miaka kumi na mmoja Zoila Anrango alianza kila zamu kwa kuugusa mpini uliotundikwa ubavuni mwa pampu ya kusaidia moyo aliyoisimamia. Wenzake hospitalini Quito walimcheka.

"Peleka posa basi, Zoila, uolewe nao!" alimtania Washington, muuguzi.

Zoila alitabasamu huku akitazama sakafu. Hakuwaambia kwamba anauogopa. Mpini ule ulikuwa wa siku moja tu, siku pampu itakapozimika.

Siku hiyo ilikuja Jumanne asubuhi, ndani ya lifti. Yeye na Washington walikuwa wakimpeleka doña Targelia, muuza mahindi ya kuchoma, akapigwe picha. Upande wa kulia wa moyo wake, ule unaosukuma damu kwenda mapafuni, ulikuwa umelegea, na pampu ndiyo iliyoubebea kazi. Bomba moja lilitoa damu kinenani, jingine likaipeleka kwenye mshipa wa mapafu. Lifti iligutuka, ikakwama katikati ya ghorofa. Kisha pampu nayo ikazimika, betri na yote, mvumo wake ukakatika.

"Mbona kimya?" akauliza Targelia.

Zoila alibana bomba ili damu isirudi nyuma. Akachomoa kichwa cha pampu, akakipachika kwenye gia ya mkono, akaanza kuuzungusha ule mpini, akaachia kibano. Midomo ya Targelia ilikuwa imeshaanza kuwa ya buluu. Mkono wa Zoila ukataka kukimbia. Bomba likatetemeka: alikuwa anafyonza kwa nguvu mno, mshipa unajibana.

*Woga una haraka,* mama yake alizoea kusema kule Ibarra, walipokuwa wakizungusha sufuria la shaba juu ya barafu kutengeneza aiskrimu ya matunda. Zoila akapunguza. Bomba likatulia. Taa ya kijani ya mwendo unaofaa ikawaka kwenye gia.

Washington alikuwa kwenye simu ya lifti. "Fundi anakuja sasa hivi."

"Sasa hivi ya fundi?" Targelia akasema kwa sauti nyembamba. "Basi nitafutieni padri, huyo atawahi."

Dakika ya tisa bega la Zoila likawaka moto. Dakika ya kumi na mbili vidole vikafa ganzi, na taa ya kijani ikaanza kupepesa.

"Nipe, dada," akasema Washington.

"Ukikosea mara moja..."

"Nipe! Unataka afie mkononi mwako kwa ubishi?"

Kwa miaka yote kumi na mmoja Zoila hakuwahi kumwachia mtu mpini ule. Aliitazama taa ikipepesa.

"Usinipokee," alisema. "Weka mkono wako juu ya wangu. Tuzungushe pamoja, raundi tatu, kisha mimi nachomoka. Nyumbani ndivyo tunavyopokezana."

Washington akaweka kiganja chake juu ya wake. Moja. Mbili. Ya tatu, Zoila akachomoa mkono. Taa ikapepesa, ikapepesa tena, ikatulia.

Walipokezana hivyo mara nne kabla mlango haujafunguliwa na pampu nyingine kuletwa.

"Sasa nani ananizungusha?" akauliza Targelia, akiwa amefumba macho.

"Mashine, mama."

"Mh. Msiende mbali."

Zoila hakwenda. Alivuta kiti, akaketi kando ya pampu mpya, mkono ukiwa juu ya mpini wake.