Nilivyomsukuma Shomari Mlima wa Kiroka

Ningemkatalia Kibwana asubuhi ile, leo nisingekuwa mzee ambaye vijana wa Mwembesongo wakimwona anakatiza wanainama na kujifanya wanasukuma baiskeli. Sikumkatalia, aibu ni yangu, basi acheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wale wanaoitia chumvi.

Mpwa wangu Shomari, mtoto wa dada yangu Mwanahawa, anaendesha baiskeli za mashindano (si hizi zetu za kubebea ndizi, ni zile nyembamba ambazo tairi lake ukilitazama unalionea huruma). Siku hiyo mbio zilitoka mjini, zikapanda milima ya Kiroka, zikarudi mjini, na ilikuwapo timu ya kulipwa iliyomwahidi kwamba akiingia watano wa kwanza itamchukua, aachane na bodaboda, ale kwa miguu yake. Alinipigia simu mapema.

"Shikamoo Mjomba. Wewe usihangaike, kaa hapo mjini tunapomalizia."

Ndipo Kibwana, rafiki yangu tangu sekondari, akapita na pikapu yake ya kubebea kabichi. "Hapo mjini utaona nini wewe? Wanapita vuu, ukipiga chafya umewakosa. Twende mlimani wanakokwenda polepole, mtoto utamwona mpaka jasho." Nikaona maneno yana akili, nikavaa kanzu yangu nyeupe ya Idi, nikapanda.

Pikapu ilikwenda bila ubishi mpaka tulipoipita Bigwa, lakini mlima ulipoanza nayo ikaanza kukohoa, ikatoa moshi, ikasimama, tukashuka kuisukuma wazee wawili tunahema kama tumefukuzwa, na akina mama waliokuwa wanashuka na vikapu vya mboga wakatua mizigo wakatusaidia bila kuombwa, maana huku kwetu ukimkuta mtu chombo kinamshinda mlimani huulizi, unaweka mkono.

"Babu, gari hili lingekuwa mbuzi ungeshalichinja," mmoja akamwambia Kibwana.

"Lingekuwa mbuzi ningeshalileta kwenu kwa mahari," Kibwana akajibu, na kila mtu akacheka, nami nikasema hakika nimefanya vizuri kuja.

Tukasimama kwenye kona kali. Wakapita watatu wa mbele, kisha akatokea Shomari, wa nne, peke yake, mdomo wazi, miguu inatetemeka, baiskeli inayumba huku na huku. Jamani, mtoto wa dada yangu. Sikufikiri kitu. Nilikimbia (mimi, ambaye kupanda ngazi za msikiti napumzika katikati), nikatia mkono chini ya kiti chake, nikasukuma. Akapiga kelele, "Mjomba, achia," mimi nikasikia "Mjomba, kazia," basi nikakazia. Nyuma yetu pikipiki ya mwamuzi ikapiga honi, nikadhani anatushangilia, nikampungia mkono.

Kumpungia ndiko kulikonipotezea hesabu ya miguu. Upindo wa kanzu ukaingia kwenye mnyororo, ukavutwa, kanzu ikachanika mpaka kiunoni, sote tukalala kwenye majani, mimi na bukta ya kijani ambayo haikukusudiwa kuonwa na watu. Simu zote za Kiroka zikatoka mifukoni.

Mwamuzi akashuka. "Huyu mzee ni nani yako?"

"Simjui," Shomari akasema huku anainua baiskeli. "Shabiki tu."

"Nimesikia unamwita mjomba."

"Mkuu, mzee yeyote njiani si ndiyo tunamwita mjomba?"

Mwamuzi akatikisa kichwa, akageuka kurudi kwenye pikipiki. (Baadaye nilielezwa kwamba mchezaji akisukumwa na mtu baki halaumiwi, ila akisukumwa na mtu wake anatolewa.) Kibwana alikuwa ananifinya mkono, na mimi nikadhani ananipa pole. Lakini moyo ulikuwa unachemka. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye mtoto, halafu niitwe shabiki mbele ya wanawake wa watu, na kanzu yenyewe nimeishika mbele na nyuma?

"Shabiki gani?" nikasema. "Mimi ndiye mjomba wake hasa, tumbo moja na mama yake. Hilo jina la Shomari nimempa mimi. Muulize kama atabisha."

Shomari hakubisha. Alivua helmeti. Mwamuzi akamwambia mbio zake zimeishia hapo. Mama mmoja akanitupia kanga, akasema, "Baba, jifunge kwanza, ujomba utausema baadaye," na huyo ndiye aliyewachekesha hata askari wa barabarani.

Simlaumu Kibwana, yeye alinipa lifti tu, mdomo ulikuwa wangu. Mbio za baiskeli siendi tena, hata zikipita dirishani kwangu nitafunga pazia. Timu ilimchukua kijana mwingine, Shomari bado yuko kijiweni na bodaboda. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, akasema, "Yameisha, Mjomba," nikaamini yameisha. Mwaka huu ameoa. Aliyepeleka posa na kukaa na wazee wa upande wa pili ni mdogo wangu wa Kilakala, mimi nililetewa kadi ya mwaliko kama jirani. Kwa kukubali kwenda mlimani siku ile nilimkosesha mpwa wangu kazi, na mimi nikapoteza nafasi yangu ya kuwa mjomba wake.