Sakafu Mbele ya Viti

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kanisani wanamwita Sindano, si kwa wembamba, maana mwili anao, bali kwa ulimi wake. Anashona kanzu za kwaya katika chumba kimoja na rafiki yake, Mama Pindo. Cherehani zao zinatazamana, nao hutaniana kutwa nzima.

Mchungaji alipotangaza ibada ya toba na maombolezo kwa ajili ya biashara ya utumwa, alieleza itakavyokuwa. Wale ambao wazee wao waliuzwa wangekaa viti vya mbele. Wale ambao wazee wao waliwakamata au kuwauza wenzao wangepiga magoti sakafuni, mbele ya viti hivyo, waombe msamaha.

Haukupita muda, kila ukoo ukamkumbuka babu aliyeuzwa.

"Jamani," alisema Mama Pindo, akikata uzi kwa meno, "kama sote tuliuzwa, muuzaji alikuwa nani? Upepo?"

Siku nyingine shangazi angemjibu kabla hajafunga mdomo. Safari hii aliinamia kitambaa. Bibi wa bibi yake Mama Pindo alikamatwa akiwa msichana. Na mzee wetu mmoja wa zamani alikuwa mlinzi wa boma walimofungiwa mateka wakingoja wanunuzi. Shangazi aliambiwa hayo na bibi yake, na hakuwahi kumwambia rafiki yake.

Jumamosi alikuja nyumbani kumjulisha baba, mdogo wake, ambaye ni mzee wa kanisa, kwamba atapiga magoti.

"Dada, ya kale hayanuki."

"Hayanuki kwa aliyeziba pua."

"Nimeshatutengea viti mbele! Unataka kutuvua nguo hadharani? Na huyo Mama Pindo, utamtazama kwa jicho gani?"

"Hapo ndipo panaponiuma, mdogo wangu. Huenda nikampoteza."

Jumapili viti vya mbele vilijaa, vikaongezwa vya kukunja. Sakafu ilikuwa tupu. Mchungaji aliwaita wa kupiga magoti, akangoja, akaita tena. Watu wakakohoa. Ndipo shangazi akatoka safu ya nyuma, akajishusha polepole kwa yale magoti yake mabovu, mbele ya Mama Pindo.

"Mzee wetu alilinda mlango," alisema. "Watu walilia ndani, naye akaufunga. Ee Mungu, uturehemu. Nanyi mliofiwa, tunaomba radhi."

Baba alinishika mkono nisiinuke. Mama Pindo aligeuza uso ukutani. Kwaya ikaanza zaburi, bila ngoma, na sauti nyingine zilikatika katikati. Shangazi alibaki palepale mpaka zaburi ikaisha, na hakuna aliyemgusa.

Jumatatu nilimsindikiza kazini. Mama Pindo alikuwa ameshafika. Hakuitikia salamu. Walishona bila neno, cherehani dhidi ya cherehani, hadi jua likawa utosini. Kisha mguu wa Mama Pindo ukasimama.

"Mle ndani," aliuliza, bila kuinua macho, "walipewa maji?"

Shangazi naye alisimamisha cherehani yake.

"Sijui, mwenzangu," alisema. "Bibi hakuniambia, na mimi sikuuliza."

Mama Pindo akalia. Shangazi naye akalia, kila mmoja kwenye kiti chake, vitambaa vyeupe vya kwaya vikiwa magotini mwao.