Kadi Imeungua

Kwa siku nne sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: nikiifungua kadi, nitaiponya au nitaiua? Swali hilo lilizaa mengine. Nikiiua, nitawaambia nini wale wa ofisi? Nisipoifungua, ikafia katikati ya kazi, kosa litakuwa langu au la kadi? Na kama ni la kadi, kwa nini mimi ndiye ninayetokwa jasho?

Ofisi yenyewe ni ya wachora ramani za nyumba, chumba kimoja tu Area 25, Lilongwe. Walikubali kunijaribu. Walinipa ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, wakataka niigeuze kuwa video, mtu ajione anaingia mlangoni na kutembea mpaka jikoni. Nikiipeleka Ijumaa, ikiwapendeza, wangeanza kunitumia kazi huku kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Tangu nipate shahada, niliyoisomea kwa mtandao humu humu kambini, hilo lilikuwa jibu la kwanza lisiloanza na neno "samahani".

Video ya namna hiyo hutengenezwa na kadi ya picha, kibao kinachokaa ndani ya kompyuta na kupiga hesabu zote za rangi na mwanga. Yangu ni ya zamani. Ina feni mbili za kuipoza, na zote mbili zilikuwa zimekwama. Kila nilipoanza kazi joto lilipanda kupita nyuzi tisini, halafu kioo kikazimika.

Niliipeleka soko la Tsoka, Lilongwe, kwa fundi mmoja wa kompyuta. Alisukuma feni kwa kidole kimoja, ikagoma. Hakuwasha hata taa yake ya mezani.

"Achemwali, yafa," alisema. Dada, imekufa. Ninunue mpya.

Nilimuuliza kama hawezi kubadilisha feni tu. Alisema feni za kadi hiyo hazipatikani tena. Chini ya meza yake kulikuwa na katoni ya takataka, na ndani yake niliona feni mbili nyeusi zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisini. Nikamwomba. Alicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka.

"Utaipepea kama nyama ya kuchoma?"

Nikasema zikomo, nikazichukua. Mpaka leo naichukia ile zikomo. Ningeweza kuzichukua bila kushukuru kicheko.

Nilipofika nyumbani sikuzigusa. Niliangalia video za watu wanaofungua kadi, nikasoma maneno ya watu walioziharibu, nikaandika orodha ya mambo kumi na moja yanayoweza kwenda vibaya. Kwenye simu niliandika pia ujumbe kwa ile ofisi: "Samahani, mashine yangu imeharibika." Nikaubadilisha mara sita bila kuutuma. Mara ya sita nilikuwa natafakari kama baada ya "samahani" nitumie mkato au nukta.

Siku ya nne, mchana, nilijaribu tena bila kurekebisha chochote. Nilijidanganya kwamba labda imepumzika. Harufu ya plastiki ikatoka, kioo kikazimika, nami nikapiga kelele: "Kadi yangu inaungua!"

Mama alikuwa mlangoni anashona sketi ya mteja. Aliruka mpaka kiti kikaanguka.

"Kadi? Kadi ya posho? Mi nilikuambia usiiweke karibu na mbabula ya makaa!"

Kabla sijajibu, jirani yetu Mrundi, anayeendesha kabaza, baiskeli ya abiria, alikuwa ameshaingia uani nayo. Ukuta wetu ni mwembamba.

"Pole sana, mama. Dada apande sasa hivi nimupeleke ofisini aripoti. Akichelewa batamusumbua. Sitaki kitu, apande tu."

"Si ile!" nilisema. "Ni kadi ya kompyuta."

Mama alinitazama, akautazama mlango wa chumba, akanitazama tena.

"Ordinateri iko na kadi?"

"Ndiyo, mama."

"Nayo iko mukimbizi?"

Jirani alicheka akashika usukani asianguke. Mama naye akacheka. Mimi nilikasirika, na nadhani hasira ile ndiyo iliyonisaidia. Kadi wanayoijua wao ina jina langu lenye herufi moja iliyozidi tangu nikiwa mtoto. Nimeomba isahihishwe, nimepanga foleni, nimeambiwa nirudi, mpaka nikaanza kuitikia jina lenye kosa. Kadi ile siwezi kuifungua. Hii ya kompyuta ni yangu, na kwa siku nne nilikuwa nimekaa mbele yake kama mtu anayengoja dirisha lifunguliwe.

"Ifungue basi," mama alisema, akiinua kiti chake.

"Nikiiharibu?"

"Imeisha kuharibika. Utaiharibu mara mbili?" Akapiga cherehani kofi. "Mashini hii, nani anaifunguaka?"

"Ni wewe."

"Diplome yangu ya mashini iko wapi?"

"Huna."

"Njo vile basi."

Nikachukua bisibisi yake ndogo, ile ya cherehani. Nilichomoa kadi, nikaondoa feni zilizokufa pamoja na gamba lao la plastiki. Chini yake kulikuwa na chuma chenye mapezi membamba, na vumbi jekundu la Dzaleka lilikuwa limeziba katikati yake kama kitambaa. Nililitoa kwa brashi ya mama ya kusafishia cherehani. Nikafungua skrubu nne na kukibandua kile chuma. Dawa ya kupitisha joto iliyokuwa kati yake na chipu ilikuwa imekauka, inapukutika. Niliifuta kwa spiriti, nikaweka tone jipya kutoka kwenye bomba dogo nililonunua Tsoka siku ile ya fundi, nikarudisha chuma na kukaza skrubu kwa kukatisha, kona hii kisha ile ya mkabala.

Zile feni mbili za takataka nilizifunga juu ya mapezi kwa vifungio vya plastiki, nikairudisha kadi mahali pake, na plagi za feni nikazichomeka kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Kadi sasa ilikuwa nene kama mkate, na kifuniko cha kompyuta hakikufunga tena. Basi kikae wazi.

Nikawasha. Feni zikazunguka. Nikaanzisha kazi, nikakaa naangalia namba: hamsini na tano, sitini na mbili, sitini na nane. Hapo ikasimama. Nilingoja ipande. Mama alimaliza kushona upindo mzima, na bado ilikuwa sitini na nane. Kwenye kioo, mlango wa ile nyumba ulikuwa umefunguka, jikoni kunaanza kuonekana.

Nilifuta ule ujumbe wa samahani, pamoja na mkato wake. Nikaandika mwingine, mara moja, nikautuma: "Ijumaa saa tatu niko hapo na video."

Kisha nikatoka uani. Jirani alikuwa bado anapiga gumzo kwenye baiskeli yake.

"Ile safari ya bure," nilimwambia, "uniwekee Ijumaa alfajiri. Lakini si ofisi ya kadi. Nifikishe kwenye minibasi za Lilongwe."