Kaburi Nililolitoa kwenye Filamu

Kaka yangu alifia Uingereza, akazikwa huko huko. Mama alitaka kitu kimoja tu, aone alipolazwa mwanawe. Viza hatukupewa. Rafiki wa kaka aliyesimamia maziko aliahidi kututumia picha, kisha akanyamaza. Kila siku baada ya alasiri, nyumbani kwetu Bondeni, Mombasa, mama aliniuliza swali lile lile: "Yuwapi mwanangu?"

Mimi ni muuza filamu. Nina kibanda Makadara, watu huniletea flashi zao niwajazie. Filamu za Waingereza nazitambua hata nikiwa nimeipa televisheni mgongo. Kwanza mvua, kisha fidla, kisha kengele ya kanisa kwa mbali, halafu sauti ya mzee anayesimulia bila haraka, kana kwamba tangu azaliwe hajawahi kukatizwa. Ukigeuka utakuta kamera inaelea juu ya vilima vya kijani, kondoo, ukuta wa mawe, kikombe cha chai dirishani. Nchi nzima imefuliwa ikaanikwa. Sikuwahi kuona ndani yake mtu kama kaka yangu, aliyekuwa akipakua mizigo ghalani, wala sikulitilia maanani. Wateja walizipenda, nami nilinakili.

Siku moja swali la mama lilinichosha. Nasema kweli, nilifanya kwa hasira, si kwa huruma. Nilimwekea filamu mojawapo, nikazima sauti, nikaisimamisha picha penye kilima na mawe ya makaburi kwa mbali. Misalaba yake mama hakuiona, maana ana mtoto wa jicho.

"Ni hapa, mama."

Alisogea, akakigusa kioo kwa kiganja. "Majani mabichi, jamani. Pametulia." Akalia, akasoma Yasini, na siku hiyo akala sahani nzima ya wali. Kesho yake aliitaka tena. Siku ya tatu akasema, "Tia sauti, nisikie asikiayo mwanangu."

Nikatia. Kengele zikalia. Nilingoja aniulize kengele zatoka wapi makaburini kwa Waislamu. Hakuuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani.

Tangu hapo nyumba yetu haikukalika. Mama alikuwa akikata vitunguu, ghafla anasimamisha kisu: "Kengele zalia." Na hapakuwa na kitu ila tuktuk zikipiga honi chini. Nikasema ni uzee. Kisha nami nikazisikia, mchana kweupe, nikianika nguo juu ya nyumba: kengele, na fidla nyuma yake, na baridi ikaniingia mabegani kwenye jua lile lile la Mombasa. Niliteremka ngazi mbio, nguo nikaziacha kwenye beseni. Niliogopa, lakini kumwambia mama ukweli kuliniogopesha zaidi.

Hatimaye yule rafiki wa kaka akanitumia video ya maziko kwenye simu. Dakika mbili. Uwanja tambarare wa matope, tingatinga likinguruma, barabara kuu nyuma ya uzio, na wanaume saba wenye jaketi za kazini wakifukia upesi upesi, maana zamu yawangoja. Mmoja anakohoa. Mwingine anaomba dua kwa sauti ya watu wa huku kwetu, kelele za malori zinaimeza. Hakuna kilima. Hakuna hata jani. Nililia kibandani mbele ya wateja.

Nilifunga kibanda, nikaenda kuketi miguuni pa mama. Nilimweleza yote: kwamba kile kilima ni cha filamu, kwamba nilimdanganya, kwamba kaburi la kweli ni hili. Nikampa simu. Aliitazama mara tatu, akiiweka karibu na jicho, kisha karibu na sikio. Nilingoja kofi, na ningelipokea kwa shukrani.

Akanirudishia simu taratibu.

"Masikini ya Mungu," akasema. "Mwana wa nani huyu? Mamake ameambiwa?"

Mama alikwishainua mikono. Nami nikainua yangu, tukamwombea kaka yangu kama mtu tusiyemjua.