Mimi Nilitaka Chuma

Muuzaji aliniuliza tena kama nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana. Alisimama nyuma ya kaunta ya duka la kamera za ulinzi na kengele za milango, pale mjini Nakuru, ameshika mashine ya kutafuta vitu vilivyofukiwa ardhini. Ilikuwa kama mkongojo uliofungwa sahani chini. Alinieleza kwa fahari kwamba mashine hiyo inajua kubagua. Ikipita juu ya dhahabu inalia. Ikipita juu ya msumari, kifuniko cha soda au kipande cha seng'enge, inanyamaza.

"Yaani madam, hii haikusumbui na skrapu," alisema. "Hii ni ya gold."

Nikamwambia dhahabu sina haja nayo. Nataka ile itakayopiga kelele ikiona chuma. Alinitazama, halafu akautazama mlango, labda akitumaini kuna mtu wa kwetu angeingia aje kunichukua.

Nieleze shida yangu. Mama yangu anaishi Subukia, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu. Babu alikuwa kibarua wa mzungu huyo. Baadaye vibarua walichanga pesa, wakalinunua shamba, wakagawana. Babu alipozeeka alikata kipande chake sehemu mbili, nusu kwa baba yangu na nusu kwa mwanawe wa pili, baba mdogo wangu. Saveya, yaani mpima ardhi, akaja akazika bikoni mpakani, yaani chuma kilichosimamishwa ndani ya simiti, ili kesho na kesho kutwa watu wasije kushikana mashati.

Baba yangu akafa, na tangu hapo ua wa seng'enge ukaanza kutembea. Kila nguzo ilipooza, baba mdogo alisimika mpya hatua kidogo upande wetu. Mama aliona, akasema, akaambiwa anyamaze kwa ajili ya amani. Hatimaye ua ukameza mistari miwili ya kahawa ambayo mama aliipanda nikiwa mgongoni mwake. Mtu mwingine akawa anaichuma huku yeye anatazama.

Mama alipokwenda kwa chifu, baba mdogo hakubishana naye hata kidogo. Alisema kwa upole kwamba bikoni iling'olewa na trekta zamani, kwamba mpaka ni pale ulipo ua, na kwamba wamsamehe shemeji yake kwa sababu siku hizi anachanganyikiwa. Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonipandisha hasira kuliko tusi lolote. Neno hilo lilienea. Kanisani wanawake wakaanza kumsemesha mama polepole na kwa sauti kubwa. Kaka zangu wakanipigia simu wakisema mama ni mzee, kahawa yenyewe ni kidogo, tuachane na mambo haya. Nilikata simu.

Lakini sitajifanya shujaa. Mama alikuwa ameanza kusahau. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa, na mara mbili nilikula mchuzi wake uliotiwa chumvi juu ya chumvi. Kwa hiyo aliposema bikoni bado iko, chini ya pale uliposimama mgunga uliokatwa, nilimwamini, ila kuna kisauti ndani yangu kiliuliza, na je, kama ni kweli amechanganyikiwa? Nilikichukia kisauti hicho. Nilikwenda kutafuta mashine ili kukinyamazisha.

Mwanzo sikujua lolote. Nina duka la magodoro na makochi, najua sponji, sijui sumaku. Nilimwendea askari wa mlango wa supamaketi nikamuuliza kuhusu kile kifimbo anachowapitishia watu kiunoni. Akaniambia kinaona funguo mfukoni, chini ya udongo hakioni kitu. Kisha nikampigia simu jamaa mmoja wa kule Longonot aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa mali iliyofichwa. Alitaka nusu ya kitakachopatikana, pamoja na maombi, kwa sababu mali ya wazungu ina walinzi wasioonekana. Nikamwambia natafuta kipande cha nondo. Akacheka, akashusha hadi theluthi.

Ndipo nikarudi kwenye duka la kamera, safari hii na nondo yangu mwenyewe, niliyoiomba kwa mafundi wanaojenga karibu na duka langu. Nilimtoa yule muuzaji nje mpaka kwenye rundo la mchanga nyuma ya jengo. Nikaisimamisha nondo wima, kwa kuwa saveya hazilazi, nikaifukia mpaka kichwa chake kikawa chini shubiri moja na ushee. Nikamwambia haya, leta mashine zako.

Ile ya dhahabu ilipita juu bila kusema neno. Alipouzima ubaguzi wake ilikoroma kidogo, na bei yake ilinifanya nikohoe. Ya pili ilikuwa ndogo, nyepesi, ya rangi nzuri, na haikulia mpaka sahani ilipougusa mchanga na mimi kuuparua kwa mkono. Hiyo ilikuwa ya kuwafurahisha watoto. Ya tatu aliitoa stoo kwa shingo upande. Haikuwa na kioo cha kuonyesha picha, ilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha na sahani pana kama sinia ya ugali. Ilipopita juu ya nondo ililia mpaka mafundi wakageuka.

"Hii haichagui, madam," alinionya. "Inalilia kila kitu. Itakuchosha."

Nikamwambia mimi sichoki upesi, nikailipia.

Sikuificha. Wengine wangeifunga kwenye gunia. Mimi niliibeba begani, Jumamosi mchana, nikapita nayo katikati ya senta ya Subukia nikisalimia kila aliyenitazama. Aliyeuliza nilimjibu, natafuta bikoni. Hakuna aliyeniamini. Kwetu kila shamba lililokuwa la mzungu lina hadithi ya dhahabu aliyoizika kabla ya kuondoka. Mzungu wa kwetu, kwa maelezo ya babu, aliondoka na mbwa mgonjwa na gari lililosukumwa mpaka barabarani, lakini hadithi haijali mambo kama hayo. Kadiri nilivyosema chuma, ndivyo walivyonikonyeza. Nilipofika kwa mama, habari zilikuwa zimenitangulia na watu walikuwa wameanza kukusanyika.

Baba mdogo alikuja akiwa amevaa koti la kanisani. Alisema mbele ya wote kwamba kilicho ardhini ni cha babu, na cha babu ni cha ukoo mzima, kwa hiyo nisithubutu kutafuta upande mmoja tu na kuondoka. Lazima nitafute kwake pia, akiwepo, kila mtu akiona.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa mbwa, hata kwa polisi. Sikuwa nimejiandaa kukaribishwa.

"Unaniruhusu niingie kwako, Baba mdogo?"

"Si nimesema. Ingia. Tutatafuta pamoja."

Sikumdanganya, na hilo nataka lieleweke. Nilimwambia tena, polepole kama wanavyomsemesha mama, kwamba natafuta bikoni. Alicheka na wenzake wakacheka. "Bikoni ilibebwa na trekta, msichana," alisema. "Wewe tafuta tu hiyo yako." Nina miaka zaidi ya hamsini na ananiita msichana. Nikapita chini ya seng'enge.

Muuzaji alikuwa amesema kweli. Mashine ililia juu ya kiatu cha farasi, juu ya mkebe wa samaki, juu ya mpini wa sufuria, juu ya sahani ya plau iliyovunjika na seng'enge isiyo na mwisho. Kila ilipolia watu walisukumana, na kila tulipofukua waliguna kwa pamoja. Nilirundika taka zote hizo mahali pamoja. Mgongo uliniuma. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda upande wetu wa ua, na kila mtu alipomuuliza alielekeza kidevu mahali palepale, kwenye nepia, majani ya ng'ombe, yaliyoota pale uliposimama mgunga.

Mahali hapo nilikuwa nimepaacha makusudi, kwa sababu niliogopa. Nikitafuta kwingine kote nikakosa, bado hapo palikuwa pamebaki. Nikitafuta hapo nikakosa, mama yangu angekuwa mwanamke aliyechanganyikiwa, na mimi ndiye ningekuwa nimelithibitisha hilo mbele ya majirani wote. Baba mdogo akaniambia nimalizie na kwenye nepia, nisibakishe kona. Nikaenda.

Mashine ikanyamaza. Niliipitisha huku na huku kati ya mashina ya nepia, na kitu kilichokuwa kimelia muda wote huo kikawa bubu. Nilimtazama mama, na nilipomtazama nilikuwa tayari nimeanza kutunga maneno ya kumfariji. Yeye alinipungia mkono kwa hasira, sogea mbele, kama anavyofanya akiniona nashika jembe vibaya. Nikasogea. Ikalia, sauti nyembamba, kali, mahali pamoja tu. Nikarudia. Palepale.

Baba mdogo alivua koti na kunyakua jembe. Watu walijitolea kumsaidia akawakataa, na nilielewa kwa nini. Hakutaka mkono mwingine utangulie. Alikata mizizi ya nepia, akachimba, akatokwa jasho, mpaka jembe likagonga kitu kigumu na wote tukasikia. Akapiga magoti akaanza kuchota udongo kwa viganja. Ilitokea simiti iliyovunjika upande wa juu, pale trekta ilipopita, na katikati yake kichwa cha chuma chenye kutu, kimesimama wima vilevile kilivyowekwa.

Alijua kabla ya sisi wote. Nilimwona shingo ikikaza. Kisha akasimama, akainua jembe juu, na halikuwa la kuchimbia tena.

Niliingia kwenye shimo na kuweka mguu juu ya chuma.

"Piga mguu wangu kwanza, Baba mdogo."

Nilimaanisha. Sijui nguvu hiyo niliitoa wapi, lakini nilimtazama usoni bila kupepesa. Watu waliokuja kuona dhahabu walikuwa wameziba pande zote, na mzee mmoja wa kanisa akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kuharibu bikoni ni jela. Jembe likashuka taratibu likakaa chini. Saveya alipokuja baadaye na vipimo vyake hakusogeza chochote, alitupatia tu karatasi tuweke sahihi. Lakini kesi iliisha siku ile, pale pale, na aliyeimaliza ni mama.

Aliinuka kwenye kigoda. Aliinua waya wa seng'enge kwa mkono wake mwenyewe, akamkatalia jirani aliyetaka kumshika, akapita. Alifika shimoni akachungulia, akafuta kile kichwa cha chuma kwa pindo la leso yake kama anavyofuta uso wa mtoto. Kisha akaniambia nitoke kwenye shimo, nitachafua viatu. Aliniita kwa jina la dada yake. Sikumrekebisha, na mtu yeyote angethubutu kucheka ningempiga na mashine.

Akawageukia watu.

"Haya," alisema, "nendeni mkamwambie chifu vile nimechanganyikiwa."

Mama alikuwa tayari amegeuka. Kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu tupu, na yeye hakuwa amekuja kupiga domo. Alishika leso yake kwa mbele kama kapu, akaanza kuchuma mti wa kwanza, haraka, kwa vidole ambavyo havikusahau kitu, akahamia wa pili, akahamia wa tatu. Kwenye mti wa nne baba mdogo alikuwa amesimama mbele ya tawi, jembe mkononi. Mama alingoja, bila kumtazama.

Baba mdogo akasogea.