Aliyeitikia Jina la Iliasi

Iliasi, mtoto wa kaka yangu, alichimba dhahabu kule Lusangi miaka saba. Diploma yake ya shule iko ndani ya nailoni, lakini haikumzuia kuingia shimoni. Mwezi wa tano shimo liliwafunika watu watatu. Wenzake wawili walikufa, yeye akatolewa mzima. Tangu siku ile mke wake Amisa alisema, "Ukirudi mule, miye ninarudi kwetu Wamaza na watoto." Hakusema kwa hasira. Alianza tu kufunga nguo.

Basi tukasikia kwamba sosiete moja, kampuni ya kutengeneza barabara, yenye biro kubwa Kasongo, inatafuta mtu wa kutunza magazini, ghala lao la saruji, hapa Kabambare. Iliasi akapeleka barua, wakamwita Jumanne.

Barazani pa biro yao ya hapa walikuwa tisa juu ya benchi. Mlango umefungwa, mapazia yameshushwa. Djafari, zamu anayelinda mlango pale, akawaambia, "Mutaitwa mmoja mmoja. Mukimaliza munatokea nyuma. Hapa hamurudi."

Ndani sauti ikaanza kuita. Sauti ya mwanamke, haipandi, haishuki. Inaita jina mara moja, halafu kimya. Aliyeitwa anaingia, mlango unafungwa, na walio nje hawasikii tena neno wala kiti kusogezwa.

"Iliasi Kamaldine."

Kwetu mtoto anafundishwa angali mgongoni: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitikie mara ya kwanza. Mtu hai ataita tena. Wale wengine huita mara moja tu. Iliasi alijua kwamba biro si pori. Alijiambia, simama. Lakini akabaki amekaa. Akangoja aitwe mara ya pili.

Hakuitwa. Mlango ulifunguka kidogo, ukafungwa.

Dada mmoja aliyekaa kando yake, Sarah-Grâce, waliyekwisha kuambiana majina, akamgusa mkono. "Papa, ule Iliasi si weye?"

"Ndiyo mimi."

"Na mbona umekaa?"

"Ninangoja waite tena."

Akacheka kwa kuziba mdomo. "Ewe! Unafikiri hapa ni kwa wakwe, wakubembeleze uingie kula?"

Dakika nyingi zikapita ndipo jina la mwingine likaitwa. Iliasi alikaa mpaka benchi likabaki na yeye tu. Hakwenda kwa Amisa. Alikuja kwangu, akakaa jikoni, machozi yakamtoka. Nilizima moto chini ya sufuria, tukasali.

Ijumaa telefone ikalia. "Papa Iliasi, ni Madame Marie-Thérèse wa biro. Umejibu kushinda wote. Jumatatu unaanza."

"Madame, mimi sikuingia."

"Usifanye mchezo, Papa. Ulikaa mbele yangu nusu saa."

Jumatatu asubuhi akaenda kumweleza ukweli. Madame huyu ametoka Kinshasa, ni mtu wa haraka. Akamsukumia karatasi ya majibu, yeye Madame aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe siku ile. Jina la baba, sawa. Majina ya watoto, sawa. Namna ya kupanga saruji isishike maji, sawa, tena vizuri kuliko ambavyo Iliasi angesema. Halafu swali: kwa nini uliacha kazi ya mbele ya hii? Na jibu: *Shimo lilitufunika watatu. Hakutoka mtu.*

Iliasi aliisoma mara mbili.

"Hapo nilifikiri umekosea kusema," Madame akamwambia. "Na siku ingine unawe, Papa. Ulikuja na udongo mwekundu mpaka ndani ya nywele. Kiti tulikipangusa siku mbili."

Jumanne ile Iliasi alioga kwangu, na shati nilimpigia pasi mimi mwenyewe.

Alitaka kusema. Akaziona moyoni nguo za Amisa, zimefungwa kule nyumbani karibu na mlango. Akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye mkataba wa kazi. Simhukumu. Kila nikisali ninawataja wale wenzake wawili kwa majina, nikiomba walale.

Amisa amefungua nguo zake, watoto wako shuleni. Lakini kila asubuhi Madame huita wafanyakazi kwa orodha, akiwa ndani, dirishani pazia limeshuka. Iliasi husimama mbele kabisa. "Ilia..." na yeye tayari amekwisha kupiga kelele, "Niko hapa!"

Wenzake wanamcheka. "Papa, unashindana na nani?"

Yeye husikiliza kwanza nyuma yake, kama kuna sauti nyingine iliyoitikia.