Nyanya, Moshi na Mahindi ya Mbegu

Likizo iliyopita nilipanda kutoka Voi hadi Werugha na binti yangu kumsaidia mjomba kubomoa jiko la nyanya. Jiko kwetu ni nyumba ya kupikia, ile ya udongo inayosimama peke yake nyuma ya nyumba kubwa, na kama ulikulia milimani huhitaji kuelezwa. Mjomba alikuwa amekwisha kununua matofali ya jiko jipya. Nilifika na hamu ya kazi, leso nimeifunga kichwani, lakini ufito wa kwanza ulipong'olewa darini masizi yalinimwagikia usoni na ile harufu ikanikalisha chini. Mjomba alidhani nimeumia. Nikamwambia aendelee tu, mimi napumzika.

Kwa harufu ile nilikuwa nimerudi darasa la sita, rafiki yangu. Mama alifanya kazi Voi, kwenye kantini ya reli, na mimi nililelewa na nyanya kule juu ambako ukungu huingia alfajiri na hauna haraka ya kuondoka. Kazi zangu zilijulikana: kukata nyasi za ng'ombe kwenye kingo za matuta, kuteka maji, kuokota kuni, na jioni kuponda kimanga, yaani maharagwe na mihogo pamoja, mpaka mkono ulegee. Nyanya hakuwa mkali, ila hakupenda jambo lililofanywa nusu. Ukiacha donge, alikurudishia chungu bila neno, nawe ulishika mwiko tena.

Juu ya moto wake palikuwa na kichaga, dari ya fito ambako mahindi ya mbegu yalipangwa na maganda yake. Moshi uliyapitia mchana kutwa, yakawa meusi kwa nje na makavu kwa ndani, na fukusi hawakuyagusa. Ndiyo sababu jiko halikuwa na dirisha. Moshi ulikuwa na kazi yake, na kuutoa nje kulikuwa sawa na kuitupa mbegu ya msimu ujao. Sisi tulitokwa na machozi tukazoea, na nyanya alikuwa ameuzoea tangu usichana wake.

Jioni watoto wa jirani walikuja kusikiliza hadithi. Baba yao alikuwa fundi seremala, mtu wa mizaha, na alipenda kusema kwamba kwake watoto wanakuja kulala tu. Hadithi za nyanya zilikuwa na nyimbo ndani yake. Ile tuliyoipenda kupita zote ilimhusu mama aliyempoteza mwanawe msituni, na ndege akamwongoza kwa kuimba kutoka mti mmoja hadi mwingine. Nyanya aliimba sehemu ya ndege, ndefu, yenye kupanda na kushuka, nasi tukaitikia sehemu ya mama, fupi. Msimulizi alikuwa na sehemu yake na wasikilizaji yao, na hakuna aliyeingilia ya mwenzake.

Mwaka ule hadithi zilianza kubadilika. Nyanya alianza wimbo wa ndege, akakohoa, akatuashiria kwa mkono, nasi tukaitikia kabla ya wakati wetu. Tukimaliza, alituashiria tena. Watoto wa fundi walifurahi kupewa nafasi kubwa, na mimi nilifurahi nao, hadi jioni moja nilipomtazama yeye badala ya kuutazama moto. Alikuwa ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, anajificha nyuma ya kelele zetu ili apate pumzi. Ndege hakuwa tena na maneno. Niliogopa sana jioni ile, na nikaendelea kuimba kwa nguvu kwa sababu sikujua la kufanya.

Mwalimu wetu alifundisha Kiswahili na sayansi, na kwa vile vipindi vilifuatana alivichanganya bila kuona haya. Alituambia hadithi ina wahusika, mandhari, mgogoro, kilele na funzo, kisha akafuta nusu ya ubao akatuchorea moyo na mapafu. Moyo wako ni mkubwa kadiri ya ngumi yako, alisema, na umekuwa kazini tangu kabla hujazaliwa. Alitukimbiza hadi juu ya mteremko wa shule na kurudi, tukaweka vidole kwenye kifundo cha mkono kuusikiliza unavyogonga. Alifunga puto ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa, tukaona mapafu yanavyojaa na kunywea. Mwisho akakishika kitambaa cheupe juu ya moto wa jikoni mwa shule kwa kitambo, akatuletea kikiwa na rangi ya fito za darini kwetu.

Nilinyoosha mkono nikauliza: kitambaa kikikaa hapo tangu usichana hadi uzee, kinafuliwa na nini? Mwalimu alikikunja kitambaa. "Hakitakati chote," alisema. "Lakini waweza kukitoa motoni, kisizidi."

Nilimsumbua nyanya hadi akakubali kwenda zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifuani na mgongoni, akamwambia avute pumzi, aitoe, kisha akaibonyeza miguu yake iliyovimba na alama ya kidole ikabaki pale pale. Alieleza taratibu. Mapafu yamechoka kwa moshi, moyo unalazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi kuipitisha humo, nao umeanza kuchoka, ndiyo maana maji yanatuama miguuni. Alimpa dawa, akamwambia apunguze chumvi, ainue kichwa kwa mito anapolala, atembee kila siku kadiri ya nguvu zake, asikose kurudi kupimwa, na juu ya hayo yote atoke kwenye moshi. Nyanya alishukuru kwa heshima, akapanda hadi nyumbani akisimama kila tuta, akaketi kando ya mafiga kama kawaida. "Dawa nitameza," aliniambia. "Lakini yule dada hanipandii mahindi."

Mama alikuja kutoka Voi akasema naye juu ya gharama za matibabu, akarudi alivyokuja. Mimi mtoto ningesema nini? Huwezi kumwambia nyanya yako kwamba amekosea. Lakini mwalimu alikuwa ametufundisha mfano pia, hadithi fupi inayosimulia jambo moja huku ikimgusa msikilizaji kwa jingine, kama mifano tuliyosomewa kanisani. Na jikoni kwetu kulikuwa na desturi: aliyepewa zamu ya kusimulia hakatizwi, hata awe mtoto, mpaka amalize. Nikaomba zamu.

Nilisimulia habari za mwanamke mwenye shamba la matuta. Alikuwa na mapacha wawili waliomtekea maji kwenye chemchemi, na kijana wa tatu aliyeyapeleka maji hayo kwa mifereji hadi kila tuta. Mwanamke huyo akawa anamwaga majivu kwenye njia ya chemchemi. Mapacha wakateleza, wakaleta maji kidogo. Yule wa mifereji akakimbia huku na huko ili kila tuta lipate, hadi miguu ikamwishia nguvu, mifereji ikamshinda, maji yakatuama kwenye matuta ya chini yakawa matope. Hapo nikanyamaza. Watoto wa fundi walinitazama kwa huruma, kwa sababu hadithi yangu haikuwa na fisi wala wimbo.

Nyanya alicheka mpaka akakohoa. "Mapacha nimewatambua," alisema. "Wa mifereji nimemtambua. Matuta yenye matope ninayo haya hapa." Akajipapasa miguu. "Ila huyu mwanamke umemfanya mjinga, mama. Anamwaga majivu bila sababu? Mbegu yake umeiweka wapi? Hadithi yako haina mwisho. Kautafute."

Nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa nimejiona mjanja, na mzee asiyejua kusoma alikuwa amenirudishia kimanga chenye donge. Kesho yake nilimweleza mwalimu, naye akasema mgogoro mzuri ni ule ambao pande zote mbili zina haki, na kwamba ukitaka mwisho wa kweli usimshinde yeyote. Nikazunguka na maneno hayo nikikata nyasi, nikiteka maji, nikiokota kuni, nimeapa moyoni kwamba nyanya hatakufa kwa ajili ya mahindi na mahindi hayatakufa kwa ajili yake. Halafu nikaenda kwa fundi kumuuliza kama mahindi yanajali nani anakaa chini yake. Fundi aliweka randa chini. Alisema hajawahi kuulizwa swali hilo, na kwamba jibu ni hapana.

Tulijenga kibanda kidogo nyuma ya jiko, chenye kichaga chake na mafiga yake, mahali pa kuwasha moto wa moshi na kuuacha bila mtu. Kila nilipotoka shule nilileta fito na nyasi za kuezekea, na fundi akafunga. Kisha alikata dirisha kwenye ukuta wa jiko, na tundu la moshi chini ya paa. Nyanya alituangalia tu, hakusaidia na hakuzuia. Siku ya kuhamisha mbegu alibeba fungu la kwanza mwenyewe, nikajua tumefaulu.

Nilijidanganya. Werugha ni baridi, na ukungu uliingia dirishani kama mgeni aliyealikwa. Nyanya aliziba dirisha kwa gunia. Nililitoa asubuhi, nikirudi nalikuta limerudi. Tulivutana hivyo bila kusemezana hata neno moja juu yake. Kisha jioni moja nikakuta jiko halina mtu, dirisha wazi, moto umefifia. Nyanya alikuwa kule kwenye kibanda, amekaa kwenye kigoda chake chini ya mahindi, mlango ameuegesha, moshi umemfunika hadi kiunoni. Tangu aolewe hakuwahi kuiacha mbegu peke yake, na hakuona kwa nini aanze sasa. Tulikuwa tumemtoa kwenye moshi, naye ameufuata katika chumba kidogo zaidi.

Nilisahau mifano yote. Nilisimama mlangoni nikilia, nikamwambia, "Nyanya, mimi sitaki ufe."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Muuguzi alimweleza mapafu, mama alimweleza gharama, mimi nilimweleza mapacha. Nyanya aliinuka kwa shida, akaninyooshea kigoda. "Haya, beba," alisema. "Na hiyo mbegu utaichungia wewe." Kuanzia siku hiyo mimi na watoto wa fundi tuliuchochea moto wa kibanda kwa zamu, tukisimama nje na kusukuma kuni kwa fimbo ndefu. Nyanya alikaa jikoni amejitanda blanketi, dirisha wazi, akiulalamikia ukungu kwa kila aliyepita.

Kikohozi hakikuisha, na mwalimu alikuwa amenitahadharisha. Lakini miguu ilinywea, dawa hakuziruka, na akaanza kutembea hadi kwa fundi na kurudi bila kusimama njiani. Mbegu ilitoka salama ikapandwa. Jioni moja baada ya mvua alianza ile hadithi ya ndege. Tulikaa tayari, midomo wazi, tukingoja mkono wake utuashirie. Mkono haukuinuka. Aliimba sehemu ya ndege yote, akapanda nayo, akashuka nayo, na sisi tukasahau kuitikia. Ikabidi aulize yule mama wa hadithi amelala wapi, mbona haitikii. Furaha niliyoipata jioni ile sijaipata tena, na nimebahatika maishani.

Nyanya alituacha nikiwa nimemaliza sekondari. Leo mbegu inanunuliwa dukani ikiwa ndani ya pakiti, mjomba anapikia gesi, na vichaga vimekwisha. Sivililii. Asiwepo mtu wa kuvuta tena moshi ule ili sisi tupate cha kukumbuka.

Ila siku ile ya kubomoa, binti yangu alinikuta nimekaa kwenye vifusi, nikamsimulia yote haya, naye akaniomba nimwimbie ndege. Nikafungua kinywa, nikatoa sehemu ya mama, ile fupi. Nyingine haikuja. Nimempigia mtoto mmoja wa fundi, siku hizi analima Mahoo, akaimba papo hapo sehemu ya mama. Dada yake yuko Voi, naye ni vilevile. Sote tulishika kipande chetu, na cha nyanya tulimwachia mwenyewe. Naendelea kuuliza kwa wazee wa Werugha nyumba hadi nyumba, na sitachoka. Binti yangu ameuliza ndege alimwambia nini yule mama. Nimemjibu kwamba sijui, lakini nyanya yangu aliyaimba maneno yake yote hadi mwisho.